King'ora cha Saa Sita

Lesia Bodnar hakusubiri hata kuvua glavu. Alisimama katikati ya duka la ushirika, baina ya viazi na maziwa, akainua simu yake juu ili kila mtu aione, kisha akasema kwa ile sauti yake ya kwaya:

"Daria, mwenzangu, hebu nisaidie hesabu. Meza ya dirishani ina viti vinane. Tovuti yako imetuuzia watu kumi na wawili. Sasa mimi nimpakate Bwana Mazur, au Bwana Mazur anipakate mimi?"

Duka zima likaangua kicheko. Daria Hnatiuk naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole na padri. Akasema samahani, akasema analishughulikia, akasema atawapigia simu waliozidi leo hii hii. Alilipia mayai akatoka. Alipofika kwenye gari ndipo alipokumbuka kwamba mayai ameyaacha kaunta, na hakuwa na uso wa kurudi kuyachukua.

Ilikuwa Jumatatu. Jumamosi iliyopita mji wa Lisova ulikuwa umeuza tiketi za karamu ya mavuno kwa njia ya mtandao, kwa mara ya kwanza tangu ukumbi wa parokia ujengwe. Miaka yote watu walipanga foleni mlangoni tangu alfajiri, na mwaka jana mzee mmoja alianguka kwa baridi, ndipo kamati ikakubali, kwa shingo upande, kumpa kazi hiyo Daria. Tovuti ilipendeza. Ilikuwa na picha ya ukumbi, na kila meza na kitufe chake. King'ora cha zimamoto kilipolia saa sita mchana, kama kinavyolia kila siku ya Mungu, mauzo yalifunguliwa, na kabla sauti haijafa tiketi za zamu ya kwanza ya kula zilikuwa zimekwisha. Kila mtu alipata tiketi yake. Shida ni kwamba wengine walipata na za wenzao.

*

"Mayai yako wapi?" Stefania aliuliza bila kuinua macho.

Stefania alikuwa mama mkwe wa Daria, na alikuwa akifinya pirohi, vile vimfuko vya unga vilivyoshindiliwa viazi. Trei zilikuwa zimejaa mezani, juu ya friji na juu ya mashine ya kufulia. Yeye ndiye mkuu wa jiko la ukumbi, cheo ambacho Lisova kinaogopwa kuliko umeya.

"Nimeyasahau dukani, Mama."

"Mke wa Orest amesahau mayai," Stefania akaiambia trei. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule Daria alipoolewa, tabia hii ilipoanza, sasa angekuwa mtu mzima, lakini kwa Stefania Daria bado alikuwa mke wa Orest.

Orest mwenyewe alikuwa amepiga magoti mlangoni, akihangaika na zipu ya begi kubwa la kijani. Ghala la nafaka alikokuwa akifanya kazi lilifungwa Agosti, na binamu yake alikuwa amemtafutia nafasi katika kambi ya mafuta kaskazini mwa mkoa wa Alberta: wiki tatu huko, wiki moja nyumbani, mwaka nenda mwaka rudi. Alitakiwa aondoke Jumatatu ijayo. Hakuna aliyeitaka safari hiyo, si yeye mwenye mgongo mbovu, si mkewe, na si mama yake ambaye tangu habari ifike alikuwa ameanza kupika kama mtu anayeandaa matanga.

Kulikuwa na njia moja tu ya kuizuia. Ofisi ya wilaya ilikuwa inatafuta mtu mmoja wa kujenga na kutunza tovuti ya kumbi zote na viwanja vyote vya barafu, kazi ya mshahara wa kila mwezi, ya kukaa hapa hapa. Bwana Walter Prokopchuk, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, alikuwa ndugu wa damu na nusu ya ofisi hiyo. Alikuwa amemwambia Daria waziwazi: karamu ikienda vizuri, kazi ni yako.

"Walter amepiga simu," Orest akasema, bado anapambana na zipu. "Anakuja."

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Ya heshima."

"Basi nimekwisha," Daria akasema, akakaa juu ya kiti chenye unga.

*

Bwana Prokopchuk alivua viatu mlangoni kama watu wote. Soksi yake moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia, na bado aliweza kuonekana kama hakimu. Alikataa chai. Kukataa chai ya Stefania halikuwa jambo dogo.

"Daria, binti yangu, mimi sina ugomvi na wewe," alianza. "Ila mkaguzi wa moto ametuandikia idadi ukutani, na siwezi kuongeza hata kigoda. Waliozidi ni zaidi ya thelathini. Nimetukanwa na watu ambao nilisimamia ubatizo wao."

"Nitawapigia wote simu, Bwana Prokopchuk. Nitawaomba warudishe, watarejeshewa pesa zao."

"Utawapigia. Na Jumamosi hii tunauza zamu ya pili. Umeshajua kosa liko wapi?"

Daria aliangalia mikono yake. Angeweza kudanganya, na kwa dakika moja alitamani sana kudanganya.

"Bado. Nimejaribu mara nyingi. Kwenye kompyuta yangu inafanya kazi vizuri kabisa."

"Basi tuwaalike wote waje wale kwenye kompyuta yako."

Orest alikohoa kuficha kicheko, Stefania akamtupia jicho.

"Sikiliza," Bwana Prokopchuk akasema, sasa kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi. "Jumamosi ikiharibika tena, mwakani tunarudi kwenye foleni na karatasi. Na wilaya wakiniuliza juu yako, sitawadanganya. Utanielewa."

"Nakuelewa."

Alivaa viatu vyake. Pale mlangoni alilazimika kuliruka lile begi la kijani, akalitazama, akamtazama Orest, akaondoka.

*

Daria alipiga simu siku ile na siku ya pili yake. Wapo waliomhurumia. Wapo waliomwacha aombe mpaka mwisho, halafu wakasema hapana. Mmoja alimuuliza kama ni kweli kompyuta alijifunza kwenye mtandao, kwa namna ambayo watu huulizia mtu aliyejifunza udaktari kwenye basi.

Na ni kweli alijifunza kwenye mtandao. Majira ya baridi yaliyopita alichukua kozi ya kiunzi, yaani ile fremu ya programu iliyokwisha kuchongwa na wengine, ambayo mtu huivika kuta na milango yake ikawa tovuti. Alijifunza kurasa, akajifunza fomu, akajifunza kuhifadhi majina na kuyatoa. Tovuti ya kwanza ilipowaka kwenye skrini alipiga kelele hadi mbwa wa jirani akaitikia. Cheti chake Orest alikibandika kwenye friji, na kilikuwa bado kipo, chini ya sumaku ya bata mzinga. Kozi ilikuwa na nusu ya pili, kwa waliokwisha kuijua misingi. Daria aliifungua, akaona maneno magumu, akaona kwamba tovuti yake inafanya kazi bila hayo, akaifunga. Nani kati yetu hajawahi kufanya hivyo?

Jumanne mchana aliuliza swali lake kwenye jukwaa la wajenzi wa tovuti. Alieleza kwa adabu, akaweka msimbo wake wote wa programu hadharani. Jibu la kwanza lilikuja haraka: "Hili ni jambo la kawaida sana. Soma mwongozo." La pili lilikuwa kikatuni cha uso unaocheka mpaka machozi. Daria alikwenda chumba cha kufulia, akawasha mashine tupu ili isikike, akalia. Alilia kwa aibu, na kwa sababu aliona Orest anaondoka na ni yeye aliyemfungia begi.

Alipotoka, Stefania alikuwa anavaa koti.

"Mashine haina nguo," Stefania akasema.

"Najua, Mama."

"Umeme nao unalipiwa." Akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni. "Mimi natoka. Naenda kuazima trei kwa wanawake wa jikoni. Nitachelewa, msiningojee."

Daria hakujiuliza trei za nini, na nyumba nzima ilikuwa imejaa trei. Alikaa mezani, akapangusa uso kwa viganja, akafungua mwongozo. Kama ni kusoma, basi atasoma.

Sura yenyewe aliikuta mbele kabisa, kwenye maneno magumu yale yale yaliyomfanya aifunge kozi. Ilihusu watumiaji wengi kwa wakati mmoja. Aliisoma mara ya kwanza asiambulie kitu. Aliisoma tena kwa sauti, polepole, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa, ndipo akaelewa. Tovuti yake ilifanya mambo mawili: kwanza ilitazama kama meza bado ina nafasi, kisha ikaandika jina la mnunuzi. Kati ya kutazama na kuandika palikuwa na mwanya mdogo sana. Mtu mwingine akiingia kwenye mwanya huo, naye anatazama, naye anaona nafasi ile ile, naye anaandikwa.

Katika miji mikubwa watu wananunua tiketi huyu sasa, yule baadaye, na mwanya kama huo unaweza kukaa miaka bila mtu kuudondokea. Lakini hii ni Lisova. Lisova watu wanaweka saa zao kwa king'ora, wanakula kwa king'ora, na Jumamosi ile walikuwa wamekaa majikoni mwao wote, dole gumba hewani, wakisubiri kilie. Na kilipolia walibonyeza wote pamoja, mji mzima, kama watu wanaosema amina.

*

"Nataka mnisaidie," Daria akawaambia Jumatano baada ya chakula cha mchana. "Kila mmoja achukue simu. Nimetengeneza ukumbi wa uongo, una meza moja na kiti kimoja. Nikisema sasa, wote mnabonyeza."

"Mshindi anapata nini?" Stefania akauliza.

"Hapati kitu, Mama. Ni majaribio."

"Basi nibonyeze kwa nini?"

"Mama, bonyeza tu," Orest akasema. "Mimi nitakuwa king'ora." Akavuta pumzi, akaanza kulia kama king'ora cha zimamoto, sauti ikipanda na kushuka, mishipa ya shingo imemtoka.

Walibonyeza. Stefania alipata kiti. Orest aliambiwa zimekwisha.

"Umebonyeza kabla ya king'ora!" Orest akalalamika.

"King'ora chenyewe kilikuwa kinachelewa."

Walirudia mara kadhaa, na kila mara kiti kilikwenda kwa mtu mmoja tu. Kosa lilikataa kutokea. Daria alishika tama. Kisha akarudi kwenye mwongozo, akasoma maelezo madogo ya chini ambayo kwa kawaida hakuna anayeyasoma, akajipiga paji la uso. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa kama duka lenye mhudumu mmoja: wakija watatu, anawahudumia mmoja baada ya mwingine. Seva ya kweli, ile iliyouza tiketi Jumamosi, ilikuwa na wahudumu kadhaa kwenye kaunta, kila mmoja na mteja wake, na hakuna anayemtazama mwenzake. Akawasha wahudumu wanne. Kisha, katikati ya kutazama na kuandika, akaongeza mstari mmoja wa kuifanya programu isinzie kidogo, ili ule mwanya uwe mpana kama mlango wa zizi.

"Haya, tena. Orest, lia."

Orest alilia. Walibonyeza. Simu mbili zikaita kwa pamoja.

"Hongera, umepata kiti," Stefania akasoma.

"Hongera, umepata kiti," Orest akasoma.

Wakatazamana. Daria aliruka kutoka kitini, akamkumbatia mumewe, akamkumbatia na mama mkwe wake na unga wake wote. "Imeharibika!" alipiga kelele. "Jamani, kosa limetokea!"

"Mke wa Orest amerukwa na akili," Stefania akasema, lakini hakujitoa kwenye kumbatio upesi kama kawaida yake.

Jioni ile Bwana Prokopchuk alipiga simu. Alisema waliozidi wote wa zamu ya kwanza wameondoka kwenye orodha. Wanne au watano walirudisha baada ya kuombwa na Daria, waliobaki walikuja wenyewe. Alipoulizwa ni akina nani, alisema hilo si la kompyuta, akakata.

*

Kulijua kosa ni jambo moja. Mwongozo ulisema dawa ni kufuli: unaifunga meza ili mwingine asiiguse mpaka umalize. Daria aliandika kufuli lake Alhamisi asubuhi, akawaita wapimaji wake mezani, Orest akalia, na simu mbili zikasema hongera.

Aliligeuza. Zikasema hongera. Akalisogeza juu, akalisogeza chini, akaongeza la pili. Safari hii hazikusema kitu kabisa, zilizunguka tu, kila moja ikiingoja nyingine, mpaka Stefania akaiweka simu yake kifudifudi na kurudi kwenye unga.

"Daria," Orest akasema. Sauti yake ilikuwa ya uchovu. "Nimpigie binamu nimwambie nini? Anataka kujua kama nakuja. Nafasi ile wapo wanaoitaka."

"Mwambie angoje."

"Nimemwambia angoje wiki nzima."

"Unafikiri mimi nacheza hapa?"

"Sijasema unacheza."

"Begi umeliweka mlangoni kwa nini? Si kuna kabati? Umeliweka pale ili kila nikipita lininyooshee kidole!"

Orest ni mtu mpole, na maneno yalimwingia. Alisema, polepole, "Nimeliweka pale kwa sababu zipu haifungi. Nikiliweka kabatini nitasahau kwamba haifungi." Kisha akachukua kofia akatoka nje kukusanya majani, akayakusanya kwa hasira mpaka mengine yakarudi yalikotoka.

Ijumaa Daria hakuandika chochote hadi karibu na mchana. Alichukua karatasi, akachora kama alivyokuwa akichora mishono zamani alipokuwa akishona nguo: mtu anaingia, anatazama, anafunga, anaandika. Alikitazama kile kimchoro chake muda mrefu. Kisha akacheka peke yake. Alikuwa anatazama kwanza, halafu ndipo anafunga. Kufuli lilikuwa zima, ila kila mtu alikuwa ameshachungulia ndani kabla halijafungwa. Inatakiwa ufunge kwanza, ndipo utazame, uandike, ufungue, na hayo yote yawe muamala mmoja, yafaulu yote au yashindwe yote. Mwongozo ulikuwa umelisema hilo katika mstari wa kwanza kabisa, mstari ambao alikuwa ameuruka ili awahi kwenye mfano.

Alifuta zaidi ya alichoandika. Alimwita Orest kutoka uani kwa kugonga kioo.

"Lia," alimwambia.

"Sina nguvu za kulia."

"Mume wangu, nakuomba. Lia."

Akalia, kwa unyonge, kama king'ora chenye mafua. Simu ya Stefania ikasema hongera. Ya Orest ikasema samahani, nafasi zimekwisha. Wakarudia. Wakarudia tena, kwa mkono wa kushoto, na macho yamefumbwa, na Stefania akidanganya waziwazi. Kila mara hongera moja, samahani moja.

"Mimi nashinda mno," Stefania akasema. "Hii programu ina akili."

Daria aliandika pia majaribio ya kubaki ndani ya tovuti yenyewe, mamia ya wanunuzi wa bandia wakibonyeza kwa pamoja, ili asimtegemee tena Orest kulia maisha yake yote. Yote yalipita. Hata hivyo roho yake ilibaki juu juu, kwa sababu wanunuzi wa bandia si watu wa Lisova.

*

Jumamosi, Stefania aliondoka mapema kwenda jiko la ukumbi kuchemsha kabichi. Daria na Orest walikaa mezani, kompyuta katikati yao. Hakuna aliyegusa chai. Nje bata bukini walikuwa wanapita kwenda kusini wakipiga kelele zao.

King'ora kililia.

Orest alimshika mkewe mkono. Kwenye skrini meza zilianza kujaa, moja, tatu, nane, zikibadilika kutoka kijani kwenda nyekundu. Daria alikuwa anaangalia namba moja tu, ile ya nafasi zilizobaki. Wiki iliyopita, alipokagua baada ya mauzo, aliikuta imeshuka chini ya sifuri, na hakujua kama acheke au alie. Sasa ilishuka, ikashuka, ikafika sifuri.

Ikakaa pale. Maombi yaliendelea kumiminika, na sifuri haikutikisika.

"Imekaa?" Orest akanong'ona.

"Imekaa."

"Imekaa kweli?"

Kabla hajajibu, mlango wa nyuma ulifunguliwa kwa kishindo. Stefania alisimama kizingitini bila koti, aproni imelowa, nywele zimetoka kwenye kitambaa. Alikuwa amekimbia kutoka ukumbini, mwanamke ambaye hata akienda kupokea komunyo huenda kwa miguu mizito. Simu aliishika kwa mikono miwili.

"Imenikataa!" alisema akihema.

Daria aliigeukia skrini. "Imekataa nini, Mama? Imeandika nini? Imekwama?"

"Imenikataa mimi! Mimi Stefania Hnatiuk! Nimebonyeza na king'ora, si kabla, naapa, si kabla. Imesema samahani, nafasi zimekwisha!" Na hapo ndipo walipoona kwamba anacheka, machozi yakimtoka. "Mwenzangu jikoni kapata, mimi nimekosa. Hongera moja, samahani moja. Imekaa sawa, Daria! Imenikataa!"

Simu ya Orest ikaita. Ilikuwa Bwana Prokopchuk. Alisema amekagua meza zote kwa kalamu, tena mara mbili, na kila kiti kina mtu mmoja. Alisema kuna watu waliokosa wanamtukana, lakini safari hii wanatukana bila hoja, na hiyo anaiweza. Alisema ofisi ya wilaya inafunguliwa Jumatatu, na kwamba amwambie mkewe avae kitu kizuri. Orest alisema ndiyo, ndiyo, asante, ndiyo. Alipokata simu alikwenda mlangoni, akalibeba lile begi la kijani lenye zipu mbovu, akalipeleka chumbani. Walimsikia akimwaga nguo kitandani. Daria alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumamosi iliyopita.

Kisha likamjia swali.

"Mama, wewe ulikuwa unanunua tiketi ya nini? Si ulinunua zamu ya kwanza? Wewe na dada yako Olha."

Stefania alianza kutafuta taulo.

"Mama."

"Nimezirudisha."

"Lini?"

"Jumanne. Nilipokwenda kuazima trei." Akajipangusa shingo. "Na wanawake wa jikoni nao wakarudisha za ndugu zao. Niliwaambia anayeshika mwiko kwangu mwaka huu arudishe, asiyerudisha atamenya vitunguu peke yake. Hawakubisha sana. Sikutaka uendelee kuwapigia watu magoti kwenye simu. Ulikuwa unasikika mpaka huku."

Olha alikuwa mzee, anaishi peke yake mji wa Dauphin, na karamu ya Lisova ndiyo safari yake moja ya mwaka. Daria aliivuta kompyuta.

"Nitamwongeza. Mimi ndiye mwenye funguo. Mtu mmoja tu, Mama, hakuna atakayejua, ni mstari mmoja..."

"Thubutu!" Stefania akasema, na ile sauti ya jikoni ikarudi. "Uguse hapo nikuchape na taulo. Wiki nzima mwanangu analia kama king'ora, mimi nabonyeza mpaka dole limeota sugu, halafu umwingize dada yangu kwa mlango wa nyuma? Nimekataliwa kwa haki. Acha nikataliwe."

*

Wiki moja baadaye, Jumapili ya karamu, ukumbi ulijaa mpaka pembeni, na hakuna aliyempakata mwenzake. Orest, ambaye wiki hiyo angekuwa kaskazini akila kwenye sahani ya plastiki, alikuwa kwenye sinki la jikoni, mikono imezama katika sufuria za mchuzi hadi kwenye viwiko, akiimba vibaya. Daria alipita na trei za bata mzinga. Kazi ya wilaya angeianza mwezi ujao, na nusu ile ya pili ya kozi alikuwa ameifungua tena, safari hii kuanzia mstari wa kwanza.

Katikati ya zamu ya kwanza Lesia Bodnar alichungulia jikoni kuomba mchuzi zaidi. Alimkuta Olha wa Dauphin amekaa kwenye kigoda kati ya jiko na mapipa ya unga, amefunga aproni ili mkaguzi akipita amwone mpishi, na sahani mapajani iliyopangwa juu kuliko sahani yoyote ya ukumbini.

"Ala! Olha, mbona umefichwa huku na moshi?" Lesia akashangaa. "Stefania, dada yako mwenyewe umemkosesha kiti?"

Stefania hakugeuka. Alichota mchuzi, akaujaza kibakuli cha Lesia mpaka ukingoni.

"Ukumbi umejaa," alisema. "Kama una neno, kamuulize mkwe wangu. Hesabu ni yake."